Gunia la Karatasi, Gunia la Njia, Gunia la Kindu

Nilipofika Kasongo kwenye matanga ya Shangazi Mwamini, walikuwa wameshamzika, na kazi iliyobaki ilikuwa kumsifu. Wanawake walijaa kwenye mikeka kuanzia ukumbini mpaka baraza la duka, na kila aliyepata nafasi ya kusema alisema yale yale: mama huyu alikuwa na mkono wazi, hakuna mtu aliyetoka nyumba hii na njaa. Mmoja alilia kabisa akikumbuka pilau ya Maulidi ya mwaka ule baada ya vita, ambapo mji mzima ulikuwa ukihesabu punje, lakini kwa Mwamini sufuria haikushuka mafigani. Mwaka huo ninaukumbuka kuliko wote waliokuwa pale. Sufuria hiyo niliisugua mimi, na mchele uliopikwa ndani yake ulikuwa wangu. Nilinyamaza kwa sababu marehemu hasemwi, na kwa sababu mimi ni mtu mzima sasa, nina depo ya mchele Kabambare na mvi kichwani, na mtu wa umri wangu anatarajiwa kujua kufunga mdomo. Mchango wangu wa kilio, magunia matatu, ulikuwa bado njiani kwa pikipiki; mimi nilikuwa nimetangulia. Nikakaa karibu na mlango, nikanywa chai yao isiyo na sukari, na moyoni nikawaambia: endeleeni kumsifu, bado hamjamaliza kunila.

Mwaka ule nilikuwa nimefaulu mtihani wa Leta, ule wa serikali wa kumaliza sekondari, na nilitaka kitu kimoja tu, kwenda Kindu kwenye chuo cha mambo ya tiba na kuvaa nguo nyeupe. Chuo hakikuangalia alama peke yake. Kilitaka dosie, ile bahasha yenye karatasi zako zote, na kila karatasi ilikuwa na bei yake, na bahasha isipofika kabla orodha haijafungwa, basi mwaka wako umekwenda na maji. Karatasi hizo zilitengenezwa Kasongo, si kwetu Wamaza. Kwa hiyo Baba akanileta kwa dada yake, maana mtu hawezi kumtafutia binti yake chumba cha kupanga wakati dada yake wa tumbo moja ana nyumba ya matofali katikati ya mji. Tulikaa ukumbini chini ya picha ya Makka. Baba alikalia ukingo wa kiti, akiogopa kuchafua kitambaa kwa vumbi la njia. Shangazi alikunja miguu juu ya busati akaanza kuhesabu kwa vidole, na wale wanaodhani kwamba hakujua mchele ule ulikuwa wa nini, wasikilize alivyojua.

"Picha," alisema. "Inne, si mbili. Kule Kindu watapoteza mbili. Kopi za diploma, na muhuri juu ya kila kopi. Karatasi ya munganga ya kusema mutoto hana ugonjwa. Karatasi ya tabia muzuri. Fishi ya chuo, ya kuandikisha jina. Pikipiki ya kwenda Kindu. Na soda ya karani, ndugu yangu, unaisahau soda ya karani? Bila soda, muhuri haina wino."

Baba alicheka mpaka akafuta macho. Alikuwa mkulima wa mpunga, na noti hakuziamini, kwa sababu alishawahi kulala akiwa na noti za kununua mbuzi akaamka zikiwa haziwezi kununua hata kamba yake. Hesabu zake zote alizifanya kwa mchele. Yale yote aliyoyataja dada yake akayageuza magunia matatu, akayapa majina: gunia la karatasi, gunia la njia, na gunia la Kindu, hilo la mwisho likiwa la kunishikiza mpaka nipate pa kulala na kijiko cha kulia. Alitaka kuyauza mara tu baada ya mavuno. Shangazi ndiye aliyemshika mkono. "Usiuze sasa, sasa kila mutu amevuna, muchele iko bei ya bure. Ngoja Ramazani ikaribie, bei itapanda, ndiyo tuuze. Weka kwangu. Kwangu panya haingii." Lilikuwa shauri zuri. Hata leo, mimi ninayeishi kwa kuuza mchele, ningempa mtu shauri hilo hilo.

Baba akarudi baada ya mavuno, yeye na vijana wawili wa kijiji, kila mmoja akisukuma baiskeli yake na gunia lake, matope yamewafika magotini. Walikuwapo majirani barazani, na mwalimu wa madrasa, na wateja wa duka. Baba akalaza magunia mlangoni, akavua kofia, akasema maneno ambayo kila mtu mwenye adabu kwetu angesema: "Dada, nimewaletea kachakula kadogo. Mupike, mukule na watoto." Kwetu mtu haingii kwa dada yake mbele ya watu na kusema niwekee mali yangu, usiiguse. Huko ni kumwita mwizi kabla hajaiba. Unautupa chini mzigo wako, unaudharau, unasema ni wa kula, na mwenye nyumba anajibu asante huku anajua vizuri kipi ni cha chungu na kipi ni cha kuwekwa. Wazee wetu waliishi hivyo miaka mingi na magunia yao yalirudi kwao. Shangazi akapiga makofi, akaita majirani waje waone ndugu yake alivyo na upendo. Papa Sadiki, mume wake, akabeba magunia mwenyewe mpaka ghalani, na ufunguo ukarudi kwenye pindo la kanga ya Shangazi, mahali ulipoishi mchana na usiku.

Nyumba ile ilikuwa na duka mbele, ukumbi katikati, vyumba viwili vya watu wa nyumbani, na nyuma kabisa korido nyembamba iliyoishia kwenye mlango wa ghala. Mimi nilipewa korido. Nilitandika mkeka wangu kichwa kikielekea ghalani, na kwa kweli nililala vizuri, kwa sababu harufu ya mpunga wa kwetu ilipita chini ya mlango na niliona kama vile ninaulinda. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji, kutwanga sombe, yaani majani ya mihogo, kufagia duka kabla ya kufunguliwa, na mchana kuchambua mchele wa kupika. Kula, nilikula wa mwisho, baada ya watoto. Kama kulikuwa na wageni, Shangazi aliniita niwanawishe mikono ili apate kunionyesha. "Huyu ndiye munganga wetu wa Wamaza," aliwaambia. "Bado hajaponyesha mutu, lakini kula anakula kama daktari mukubwa." Wageni walicheka, nami nilicheka nao, kwa sababu mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi siku zangu zilikuwa zimepita zamani. Jina langu ni Feza, na kwetu feza ni pesa, kwa hiyo hilo nalo lilimpa la kusema kila nilipoomba sabuni: "Mama, iko wapi ile feza ya Feza?"

Alasiri moja nilikuwa uani na ungo mapajani, nachambua, nikakuta vijiwe vyekundu. Mchele wa sokoni Kasongo ulikuja na mchanga mweupe. Vijiwe vyekundu, vidogo kama mbegu ya nyanya, vilitoka uwanja mmoja tu ninaoujua duniani, uwanja wetu wa kupuria mpunga, ambao Baba alikataa kuusakafia kwa sababu alisema ardhi haili punje bali huzipumzisha. Niliviokota kimoja kimoja nikaviweka kwenye pindo la kanga yangu. Nilijiambia, labda Shangazi amekopa kikombe, kesho atarudisha. Kesho yake vilikuwapo tena, na keshokutwa, na siku ya Maulidi vilikuwa vingi kuliko siku zote, kwa sababu siku hiyo alilisha mtaa mzima. Nilichambua, nilipika, nilinawisha mikono ya watu waliokuwa wakimwombea Shangazi dua kwa mkono wake wazi. Siwezi kueleza vizuri ilivyo kuona watu wanaitafuna pikipiki yako ya kwenda Kindu na kuomba waongezwe.

Kumwuliza sikuweza. Mtoto haulizi ghala la mwenye nyumba. Nilingoja, na kwa kungoja nikasikia. Papa Sadiki alikuwa amerudi kutoka sala ya adhuhuri, wakakaa chumbani kwao, na ukuta wa korido ulikuwa mwembamba. Alisema kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu: "Mwamini, ile muchele ya mutoto, si wataifungua orodha karibuni?"

"Mutoto ya nani?" Shangazi akajibu. "Mimi walinitoa darasa la tatu. Baba yetu alisema franga ya kulipa shule ni ya mwanaume, mwanamuke atasoma masufuria. Ndugu yangu akasoma, mimi nikasoma masufuria. Alisoma nini? Analima. Sasa binti yake ndiyo avae nguo nyeupe, apite mbele ya duka yangu, aseme shikamoo shangazi? Hapana. Hapa tutakula."

Papa Sadiki alisema, "Lakini Mwamini," kisha akakohoa, kisha akatoka akaenda kukaa dukani. Hilo "lakini" ndilo jambo jema pekee alilonifanyia mtu yeyote katika nyumba ile, na lilikuwa fupi. Nimelifikiria neno la Shangazi miaka mingi. Alikuwa na haki ya uchungu wake, hilo ninakubali. Alidhulumiwa na aliyemdhulumu alikuwa ameshakufa. Lakini aliyelipa ni mimi, ambaye nilikuwa sijazaliwa alipotolewa shule, na alinilipisha huku akinipakulia kijiko cha mwisho cha sufuria. Watu wananiambia nimwelewe. Nimemwelewa siku ile ile, nikiwa nimeegemea ukuta wa korido, na kumwelewa hakukunifikisha Kindu.

Orodha ilipofunguliwa, nilingoja wawepo watu barazani, nikadhani macho ya watu yatanisaidia. Nikapiga goti. "Shangazi, wanafunzi wenzangu wameanza kutoa kopi. Nilikuwa naomba tuuze gunia moja, ile ya karatasi."

"Gunia gani?"

"Ile Baba alileta."

Akawageukia majirani, mikono wazi, kama mtu aliyetukanwa sokoni. "Munasikia? Ninyi mulikuwa hapa. Ndugu yangu alisema nini siku ile? Si alisema mupike, mukule na watoto? Mwalimu, alisema ama hakusema?" Mwalimu wa madrasa akatazama viatu vyake akasema ni kweli, alisema. Hakuna aliyedanganya. Kisha Shangazi akainama karibu na uso wangu, akasema taratibu, karibu kwa huruma: "Na wewe, mama, siku zote hizi ulizani unakula muchele ya nani? Ulikula na mudomo yako. Ulishiba. Sasa unataka nikutapishe?"

Nilituma neno Wamaza kwa mwendesha pikipiki mmoja: Baba njoo. Sikusema zaidi, maana ningesemaje kupitia mdomo wa mtu wa barabarani kwamba dada yako amenila? Baba akaja na baiskeli tupu, akitabasamu, akidhani ameitwa kuuza. Shangazi alimpokea kwa vigelegele, akamzuia hata kuuliza habari zangu, akasema kwanza ndugu yangu ale. Akachinja kuku. Akanipa mchele nichambue, wa mwisho mwisho, nao ulikuwa na vumbi la chini ya gunia. Nikakaa uani na ungo mapajani na sikuchambua. Si hivyo tu, nilifungua pindo la kanga nikarudisha ndani ya ungo vijiwe vyote vyekundu nilivyokuwa nimevitunza. Nilivipika kwa moto mzuri, na mawese, na chumvi ya kutosha.

Walikula ukumbini, Baba, Papa Sadiki na mwalimu, na mimi nilisimama na birika la kunawisha. Mwalimu alitema, akalalamika kwa upole kwamba wasichana wa siku hizi hawachambui. Baba alitia tonge, akatafuna, na nikasikia jiwe likilia kwenye jino lake. Alilitoa kwa ncha ya ulimi, akaliweka kwenye kidole. Alilitazama kwa muda mrefu. Akaligeuza. Mkulima anajua ardhi yake, hata ikiwa ndogo namna hiyo, hata ikiwa na mate. Kisha akainua macho akanitazama mimi, akatazama korido na mlango wa ghala, akamtazama dada yake, aliyekuwa amesimama mlangoni mikono kiunoni akisubiri. Nilidhani atapindua sinia. Nilitaka apindue. Baba akaliweka jiwe pembeni mwa sahani, akachukua tonge lingine, akala, na akaendelea kula mpaka mwisho, akiviweka vijiwe pembeni kimoja baada ya kingine. Alipomaliza akanawa mikono, maji niliyammiminia mimi, akasema, "Asante, dada. Tumeshiba."

Tuliondoka siku hiyo hiyo, yeye akisukuma baiskeli, mimi nyuma na mkeka wangu kichwani. Nilikuwa na hasira naye kuliko niliyokuwa nayo kwa Shangazi. Tulipovuka daraja la kwanza nje ya mji nilishindwa, nikamwuliza kwa nini hakusema kitu.

"Ningesema nini, mama?" alijibu bila kugeuka. "Niingie kwa dada yangu niseme usikule? Neno nililisema mimi mwenyewe, mbele ya watu."

"Lakini alijua."

"Alijua," Baba akasema. "Ndiyo maana sikulia. Kama angekuwa hajui, kosa lingekuwa la mdomo wangu, ningelia."

Orodha ya Kindu ikafungwa bila mimi. Mwaka uliofuata mvua iliozesha mpunga shambani, na uliofuata huo kifua cha Baba kilianza kumsumbua, na pesa za mavuno zikaenda kwa waganga wenye nguo nyeupe ambazo sikuzivaa. Alikufa akiwa bado anamtumia dada yake salamu kila Idi. Mimi nikaanza kununua mpunga mashambani Lusangi na kuuza Kabambare, kikombe kikawa ndoo, ndoo ikawa gunia, na watu wakasema nina bahati. Sina bahati, nina mdomo. Mtu akinipa mzigo nimwekee, namwuliza mbele ya mashahidi, wa kula au wa kuwekwa? Wengi wanaona aibu kujibu. Wanasema Mama Feza hana adabu, na wanaendelea kuleta mizigo yao kwangu kwa sababu kwangu mizigo hurudi.

Haya ndiyo niliyokuwa nikiyatafuna kwenye matanga, wakati wanawake wa mafigani walipoanza kuzungumza nyuma yangu kuhusu Zuhura. Zuhura ni mjukuu wa marehemu, binti wa Saleh, mwana wake mkubwa. Nilimwona akipita na ndoo, mwembamba, kichwa chini. Amepata diploma mwaka huu, anataka chuo, orodha zinafungwa karibuni. "Angoje mwaka kesho," mmoja alisema, akigeuza mwiko. "Ile franga yake ya dosie, Saleh ameshaitia ku sanda na ku hitima. Angefanya nini? Kilio ni kilio."

"Kweli," mwingine akajibu. "Binti si ndizi. Hataoza."

Pikipiki zangu zikaingia wakati huo. Vijana wakalaza magunia matatu mlangoni, pale pale. Nyumba nzima ikachangamka, kwa sababu tangu asubuhi walikuwa wakigawana chai, na mchele mweupe wa Kabambare unajulikana. Saleh akaja mbio, amekunja mikono ya kanzu. "Karibu, dada Feza, karibu, umetukumbuka," akasema, akainama kushika gunia la kwanza, kisha akasimama kidogo, kwa heshima, akingoja nilisemee mzigo wangu. Wote walingoja. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu nilipotoka Kabambare, yale yale ya Baba, kachakula kadogo, mupike, mukule. Naapa nilikuwa nimekuja kuyasema.

"Weka chini," nikamwambia. "Hii muchele si ya kula."

Alicheka, akidhani ni utani wa binamu. "Si ya kula?"

"Ni ya dosie ya Zuhura. Hii ni gunia ya karatasi. Hii ni gunia ya njia. Ile ni gunia ya Kindu. Nasema mbele ya watu wote, wasikie wote. Mutu akipika hata kikombe moja, nitamuita kwa jina lake hapa hapa barazani."

Maji yalikuwa yakichemka mafigani, maji ya kupikia wali. Mama mmoja mzee, aliyekuwa akilia kwa ajili ya pilau ya Maulidi, akasema, "Feza, hapa iko kilio. Watu wametoka mbali. Wana njaa."

"Naona, mama. Mulisema hakuna mutu alitoka hii nyumba na njaa. Leo watatoka."

Zuhura alikuwa amesimama na ndoo yake. Hakunishukuru. Alinitazama kwa woga, kama unavyomtazama mtu aliyepiga kelele msikitini, na sikumlaumu, maana sikufanya kwa upole. Ningependa kusema nilimwonea huruma, na huenda nilimwonea. Lakini zaidi nilitaka watu wale wakae mbele ya mchele wasioruhusiwa kuugusa, angalau mlo mmoja, wajue unavyonukia. Nilimwomba Saleh ufunguo wa ghala, nikamwita Zuhura, nikamfungia kwenye pindo la kanga yake mwenyewe, baba yake akitazama. Kesho nitakaa nawe sokoni mpaka kikombe cha mwisho kiuzwe, nikamwambia, na soda ya karani nitaipeleka mimi.

Wakasonga bugali ya mihogo, wakaipakua na sombe isiyo na karanga. Magunia yalingoja ukumbini mpaka watu wale ndipo yaingizwe ghalani, yameegemezwa ukutani chini ya picha ya Makka, na kwa kuwa ukumbi ni mdogo, kila mtu alikula akiwa ameyaelekea. Hakuna aliyemsifu marehemu tena. Nilikula nao mpaka mwisho, sikuharakisha, nikamega tonge la mwisho nikapangusa nalo bakuli. Zuhura akaniletea maji, nikanawa. Kisha nikamgeukia Saleh, aliyekuwa hajagusa chake.

"Asante, ndugu yangu," nikamwambia. "Tumeshiba."